Mutwalo: Namba 10,000 kutoka Mzigo wa Simbi hadi Noti ya Benki

Utangulizi

Katika soko la Luzira, kusini-mashariki mwa jiji la Kampala, bei hutajwa kwa mitwalo. Muuzaji wa samaki akisema emitwalo ebiri, mnunuzi anajua kwamba anadaiwa shilingi 20,000. Emitwalo etaano ni 50,000, yaani noti kubwa kuliko zote nchini Uganda. Mtu anayezungumza Kiswahili katika soko hilohilo atasema elfu ishirini na elfu hamsini, na biashara itaendelea bila tatizo. Hata hivyo, maneno hayo hayalingani kabisa. Kiswahili kinaiunda 10,000 kwa kuzidisha elfu mara kumi. Luganda ina jina moja kwa namba hiyo nzima, na jina hilo maana yake ni mzigo.

Insha hii inachunguza historia ya namba 10,000 katika Buganda, tangu enzi za fedha ya simbi hadi shilingi za leo. Nitaanza na lugha, kisha nitaangalia sifa za kihisabati za namba yenyewe: vigawanyo vyake, uhusiano wake na 100, na baki inayotokea inapogawanywa kwa namba nyingine. Hoja yangu ni kwamba sifa hizo zilikuwa na uzito katika maisha ya watu. Fedha ya Buganda ilipobadilishwa kutoka simbi kwenda rupia, namba za mfumo mmoja hazikugawanyika sawasawa katika namba za mfumo mwingine. Kila mahali penye baki pana mtu wa kuibeba, na kwa kawaida aliyeibeba alikuwa yule mwenye kidogo.

Jinsi Luganda inavyojenga namba

Mwanafunzi wa Kiswahili anayejifunza Luganda hushangazwa mapema na maneno ya namba. Sisi tumezoea kwamba kumi ni neno la Kibantu, lakini ishirini, mia na elfu yametoka Kiarabu, laki limetoka India, na milioni limetoka Ulaya. Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno kikwi kwa 1,000, lakini leo ni wachache wanaolitumia nje ya mashairi na maandishi ya kale. Orodha yetu ya namba ni kama daftari la bandari: kila aliyefika kufanya biashara ameacha neno lake.

Luganda ilifuata njia nyingine. Sita ni mukaaga. Sitini ni nkaaga, mia sita ni lukaaga, na elfu sita ni kakaaga. Mzizi ni uleule, -kaaga, na kinachobadilika ni kiambishi cha ngeli. Vivyo hivyo saba ni musanvu, sabini ni nsanvu, mia saba ni lusanvu, na elfu saba ni kasanvu. Nane ni munaana, themanini ni kinaana, mia nane ni lunaana, na elfu nane ni kanaana.

Tukivitazama viambishi hivi kwa jicho la hisabati, tunaona kwamba vinafanya kazi ambayo katika maandishi yetu hufanywa na sifuri. N- au ki- huzidisha kwa 10, lu- huzidisha kwa 100, na ka- huzidisha kwa 1,000. Kanuni hiyo inashika hata kwenye kkumi, yaani kumi yenyewe. Kumi ikizidishwa kwa 10 ni kikumi, mia moja. Kumi ikizidishwa kwa 100 ni lukumi, elfu moja. Watu ambao hawakuwa wakiandika namba walikuwa na mfumo wa vipeo vya kumi ndani ya sarufi yao, na mtoto aliyejua ngeli za lugha yake alikuwa tayari amejua nusu ya hesabu.

Kwa kanuni hiyohiyo, kumi mara elfu ingekuwa kakumi. Mantiki ya lugha inalidai neno hilo. Lakini jina lililotawala sokoni, mahakamani na katika habari za leo ni mutwalo. Hapa mfululizo unakatika. Neno jipya halikutoka kwenye kumi. Limetoka kwenye kitenzi kutwala, yaani kuchukua, ambacho mzungumzaji wa Kiswahili atakitambua kuwa ndugu wa kutwaa. Mutwalo ni kitu kinachochukuliwa, mzigo. Baada ya mutwalo yapo majina mengine: akasiriivu kwa 100,000 na akakadde kwa 1,000,000. Lakini ni kwenye 10,000 ndipo namba ilipoacha kuhesabiwa kwa vidole ikaanza kubebwa kichwani.

Simbi na mzigo wake

Kilichobebwa ni simbi. Neno hilo lipo katika Kiswahili, ambako lina maana ya gamba dogo la baharini linaloitwa pia kauri. Katika Luganda, ensimbi leo ni fedha ya aina yoyote, hata ile iliyo ndani ya simu. Magamba hayo yalikuwa ya aina mbili. Moja lilitoka hasa visiwa vya Maldivi katika Bahari ya Hindi. Lingine, kubwa kidogo na lenye mduara wa rangi ya dhahabu mgongoni, liliokotwa katika pwani ya Afrika Mashariki na kuuzwa Unguja. Kuanzia miaka ya 1840, wafanyabiashara wa Hamburg walipakia shehena kubwa za simbi za Unguja na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako pia zilikuwa fedha. Sehemu nyingine ilielekea bara pamoja na nguo na shanga, ikipitia Tabora na Karagwe hadi Buganda. Mfanyabiashara wa kwanza wa pwani anayejulikana kufika katika ikulu ya Kabaka Suna, Ahmed bin Ibrahim, alifika mwaka 1844. Tangu hapo njia ile haikulala.

John Roscoe, mmisionari aliyechapisha kitabu chake The Baganda mwaka 1911, anaeleza kwamba simbi zilitobolewa na kutungwa kwenye uzi, simbi 100 kwa kila mtungo. Anatoa pia bei za zamani: ng'ombe simbi 2,500, mbuzi simbi 500, kuku simbi 25. Tusisahau kwamba kwa fedha hiyohiyo watu pia waliuzwa na kununuliwa, kwa sababu misafara iliyoleta simbi ilirudi pwani na pembe za ndovu na watumwa. Namba haiulizi inahesabu nini.

Je, kwa nini mzigo uwe 10,000? Jibu la kwanza ni la mwili. Ikiwa simbi moja ya pwani yetu ina uzito wa gramu 2 hadi 3, basi simbi 10,000 zina uzito wa kilo 20 hadi 30. Huo ndio uzito ambao mpagazi wa msafara aliweza kuubeba siku nzima. Simbi 1,000 zingekuwa kilo 2 au 3, ambazo mtoto anaweza kuzishika mkononi. Simbi 100,000 zingekuwa kilo 200 na zaidi, ambazo hakuna mtu anayeweza kuziinua. Kati ya vipeo vyote vya kumi, ni kimoja tu kinachokaa juu ya kichwa cha mtu, nacho ni 10,000. Kwa hiyo jina la mzigo halikuangukia namba hii kwa bahati.

Jibu la pili limo ndani ya namba. 10,000 ni 100 mara 100, yaani ni namba mraba. Mzigo mmoja una mitungo 100, na kila mtungo una simbi 100. Hebu tufikirie kazi ya mtu anayepokea mzigo na kutaka kuuhakiki. Akihesabu simbi mojamoja, atahesabu mara 10,000. Lakini akihesabu mtungo mmoja kwa uangalifu, kisha akailaza mingine kando yake mmojammoja kulinganisha urefu, kazi yake ni 100 kwa simbi za mtungo wa kwanza na 100 kwa mitungo: jumla 200. Kama mitungo ingekuwa ya simbi 50, mitungo ingekuwa 200, na jumla 250. Kama ingekuwa ya simbi 20, mitungo ingekuwa 500, na jumla 520. Kama ingekuwa mirefu ya simbi 500, mitungo ingekuwa 20, na jumla ingerudi kuwa 520. Kwa zao lolote lile, jumla ya vigawanyo viwili huwa ndogo kabisa vigawanyo hivyo vinapokuwa sawa. Si lazima mzee yeyote awe aliketi kulithibitisha jambo hili. Mazoea ya miaka mingi ya soko yanaweza kumfikisha mtu palepale anapofika mwanahisabati kwa kalamu.

Jibu la tatu ni vigawanyo vyenyewe. Tukiichambua 10,000 katika namba tasa, tunapata 2 mara nne na 5 mara nne zikizidishwa pamoja, na hakuna namba tasa nyingine. Kwa hiyo ina vigawanyo 25: kuanzia 1, 2, 4, 5, 8, 10, 16, 20, 25, hadi 2,500, 5,000 na 10,000 yenyewe. Tuzirudie sasa bei za Roscoe. Ng'ombe 2,500, mbuzi 500, kuku 25: zote ni vigawanyo vya 10,000. Mzigo mmoja ni ng'ombe wanne kamili, au mbuzi 20 kamili, au kuku 400 kamili. Ng'ombe mmoja ni mbuzi watano, na mbuzi mmoja ni kuku 20. Katika soko lenye bei za namna hii hakuna baki. Kila kitu kinaingia ndani ya kingine kama masufuria yanayopangwa moja ndani ya jingine.

Rupia, kodi na namba tatu

Tarehe 10 Machi 1900, Sir Harry Johnston na machifu wa Buganda walitia saini Mkataba wa Uganda. Kati ya mambo mengi yaliyokubaliwa ilikuwa kodi ya nyumba: rupia 3 kwa kila nyumba kwa mwaka. Rupia ilikuwa fedha ya India, ambayo Waingereza waliitumia pia katika Afrika Mashariki. Wakati ule watu wengi wa vijijini hawakuwa na rupia hata moja. Walikuwa na simbi, mifugo, mazao na nguvu zao.

Kiwango kinachotajwa mara kwa mara katika maandishi ya kipindi hicho ni karibu simbi 1,000 kwa rupia moja. Kwa kiwango hicho, kodi ya nyumba moja ilikuwa simbi 3,000, yaani mitungo 30. Mwenye mzigo mmoja, mutwalo mzima, aliweza kulipia nyumba tatu akabakiwa na simbi 1,000. Mwenye mizigo kumi, akasiriivu, alilipia nyumba 33 akabakiwa tena na 1,000. Mwenye mizigo mia, akakadde, alilipia nyumba 333, na bado akabakiwa na 1,000.

Baki hiyo haitoweki kamwe, na sababu yake ni nyepesi. Kumi ni 9 na 1. Mia ni 99 na 1. Elfu kumi ni 9,999 na 1. Namba zinazoandikwa kwa 9 tupu zote hugawanyika kwa 3, kwa hiyo kila kipeo cha kumi kikigawanywa kwa 3 huacha 1. Mzigo hata uongezwe mara kumi mara ngapi, hautaingia katika kodi ya rupia tatu bila kubaki kitu. Fedha iliyojengwa kwa 2 na 5 peke yake ilikutana na kodi iliyojengwa kwa 3, na namba hizo hazina kigawanyo cha pamoja isipokuwa 1.

Kwa mlipaji mkubwa baki hii haikuwa shida, kwani simbi 1,000 zilizosalia zilikuwa rupia kamili. Shida kubwa zaidi ilikuwa chini, kwenye sarafu ndogo. Rupia ya India iligawanywa katika ana 16, na kila ana katika pesa 4. Kwa hiyo rupia moja ilikuwa pesa 64. Neno letu la Kiswahili pesa ndilo hilo: lilikuwa jina la sarafu moja ndogo ya shaba kabla halijawa jina la fedha zote. Sasa 64 ni 2 ikizidishwa yenyewe mara sita. Haina 5 ndani yake. Simbi 1,000 zikigawanywa kwa 64 zinatoa simbi 15 na sehemu 5 za 8. Hakuna anayeweza kulipa sehemu 5 za 8 za gamba. Hata tukichukua kiwango cha simbi 800 kwa rupia, pesa moja inakuwa simbi 12 na nusu.

Tufuate hesabu hiyo mpaka sokoni. Kwa kiwango cha 1,000, mtungo mmoja wa simbi 100 una thamani ya pesa 6 na sehemu 4 za 10. Kama hakuna sarafu ndogo kuliko pesa, mwenye mtungo mmoja anapewa pesa 6, na simbi zake sita na robo zinapotea. Mwenye mitungo miwili anapata pesa 12 na kupoteza simbi 12 na nusu. Mwenye mitungo minne anapoteza zaidi ya simbi 9. Ni mwenye mitungo mitano, simbi 500, ndiye anayepata pesa 32 kamili bila kupoteza chochote.

Tukichukua zile bei za zamani kama mfano, jambo hili linaonekana waziwazi zaidi. Mbuzi wa simbi 500 ni nusu rupia kamili. Ng'ombe wa simbi 2,500 ni rupia mbili na nusu kamili. Kuku wa simbi 25 ni pesa 1 na sehemu 6 za 10, kwa hiyo aliyeuza kuku mmoja akalipwa pesa moja amepoteza zaidi ya theluthi moja ya thamani ya kuku wake. Mwenye ng'ombe anavuka mpaka kati ya mifumo miwili bila kutozwa kitu. Mwenye kuku anatozwa na hesabu yenyewe, hata kabla ya mtoza kodi kufika.

Msomaji anaweza kupinga kwamba hasara hizi ni ndogo zikilinganishwa na mambo makubwa ya wakati ule. Pingamizi hilo lina nguvu. Thamani ya simbi ilishuka sana katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 kadiri zilivyozidi kuingia nchini, na mtu aliyeweka akiba ya mizigo aliumia kwa kushuka huko kuliko kwa sehemu za pesa. Bei za soko pia hubadilika, na muuzaji mwerevu angengoja mpaka apate kuku wa kutosha kutimiza namba inayogawanyika. Nakubali yote mawili. Lakini kushuka kwa thamani humpata kila mwenye simbi kwa kiasi cha alichonacho, ilhali baki humpata zaidi anayebadilisha kidogo kidogo. Na kungoja ni anasa ya asiyedaiwa. Mtu anayetakiwa kulipa kodi mwezi huu hana nafasi ya kungoja kuku wa tano.

Port Bell na sarafu yenye tundu

Reli kutoka Mombasa ilifika ukingo wa ziwa, mahali panapoitwa leo Kisumu, mwishoni mwa mwaka 1901. Kutoka hapo mizigo ilipakiwa kwenye meli za mvuke na kuvushwa hadi Uganda. Mwaka 1908 bandari ya Port Bell ilianzishwa katika ufuko wa Luzira, ikapewa jina la Gavana Sir Hesketh Bell, na baadaye reli fupi ikaiunganisha na Kampala. Luzira ikawa mlango wa mji. Kilichotoka baharini hakikuhitaji tena kupita Tabora juu ya vichwa vya watu.

Badiliko hilo lilikuwa pia badiliko la uzito. Kwa kiwango cha 1,000, mutwalo wa simbi ulikuwa rupia 10. Rupia moja ya fedha ilikuwa na uzito wa karibu gramu 11.7, kwa hiyo rupia 10 zilikuwa gramu 117. Thamani iliyohitaji mpagazi mzima mwenye kilo 25 kichwani sasa iliingia katika kiganja kimoja, ikiwa nyepesi zaidi ya mara 200. Serikali, ambayo ililazimika kuhesabu, kuhifadhi na kusafirisha kodi yake, haikuwa na sababu ya kuzipenda simbi. Ilizuia simbi mpya zisiingizwe nchini, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 ikaacha kuzipokea katika kodi. Mbali na Kampala, hasa upande wa mashariki, ziliendelea kutumika sokoni kwa muda.

Hapo ndipo tunapokutana na jambo la kusikitisha katika historia hii. Mwaka 1906 zilianza kutolewa sarafu mpya kwa ajili ya Afrika Mashariki na Uganda, na rupia ikagawanywa katika senti 100 badala ya pesa 64. Kwa kiwango kilekile cha simbi 1,000, senti moja ingekuwa simbi 10 kamili. Mtungo mmoja ungekuwa senti 10. Mutwalo ungekuwa senti 1,000. Kuku wa simbi 25 angekuwa senti mbili na nusu, na nusu senti nayo ilitolewa muda mfupi baadaye. Mifumo miwili iliyokuwa ikigongana ilikuwa imepatana hatimaye, kwa sababu yote miwili sasa ilijengwa kwa 2 na 5. Lakini wakati namba zilipokubaliana, simbi zilikuwa zimekwisha kukataliwa. Hesabu ambayo ingemlinda mwenye mtungo mmoja ilifika akiwa hana tena ruhusa ya kulipa kodi kwa mtungo wake.

Sarafu hizo mpya, za senti 1 na senti 10, zilikuwa na tundu katikati. Ziliweza kutungwa kwenye uzi kama simbi. Hivyo umbo la fedha ya zamani liliendelea kuishi katika fedha iliyoiua. Lugha nazo zikagawana urithi. Kiswahili kimebaki na pesa, sarafu ya sehemu ya 64. Luganda imebaki na ssente, sarafu ya sehemu ya 100, pamoja na ensimbi, gamba lenyewe.

Kurudi kwa mutwalo

Baada ya rupia ilikuja florini mwaka 1920, kisha shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, na mwaka 1966 Uganda ikatoa shilingi yake. Katika miaka ya kwanza ya shilingi hiyo, 10,000 ilikuwa mali nyingi, si namba ya kutajwa kwenye kibanda cha nyanya. Miaka ya 1970 na 1980 ilibadilisha hali. Bei zilipanda mpaka mitwalo ikawa midomoni mwa kila mtu, na obukadde, yaani mamilioni, vikaanza kuzoeleka.

Mwezi Mei 1987 serikali ilibadilisha fedha. Sifuri mbili ziliondolewa, yaani shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu yake kukatwa kodi ya asilimia 30 kwa kubadilisha. Kuondoa sifuri mbili ni tendo la kihisabati lisilomdhulumu mtu, maana kila bei na kila mshahara hugawanywa kwa 100 na uwiano unabaki ulivyokuwa. Asilimia 30 ni jambo jingine. Mwenye akakadde kamoja alipaswa kupata mutwalo mmoja, lakini alipata 7,000. Tofauti na baki ya miaka ya 1900, mkato huu ulitangazwa, ulikuwa na jina, na watu waliujua. Baki ya simbi haikuwa na jina.

Leo mutwalo umerudi sokoni ukiwa noti moja ya karatasi. Tangu mwaka 2003 ipo noti ya 50,000, mizigo mitano ndani ya mfuko wa shati. Bajeti ya taifa husomwa redioni kwa obuwumbi, yaani mabilioni, na kwa majina ya juu zaidi ya hapo.

Hitimisho

Luganda si lugha pekee iliyoipa 10,000 jina lake. Wagiriki wa kale waliiita murioi, na Archimedes aliitumia kama ngazi alipotaka kuhesabu punje za mchanga zinazoweza kuujaza ulimwengu. Wachina wanaiita wan, na hesabu zao kubwa zinapanda kwa hatua za 10,000 hadi leo. Namba hii inaelekea kuwa mahali ambapo watu wengi huona kwamba kuhesabu vitu mojamoja hakufai tena. Kilicho cha pekee katika Buganda ni kwamba jina lilihifadhi njia iliyotumika kuivuka hatua hiyo, nayo ilikuwa mgongo na kichwa cha mtu.

Tumeona pia kwamba sifa za namba hazikukaa mbali na historia. Kwa kuwa 10,000 ni mraba wa 100, ilikuwa rahisi kuhakikiwa. Kwa kuwa ina vigawanyo 25, bei za ng'ombe, mbuzi na kuku ziliingia ndani yake bila kubaki kitu. Kwa kuwa ndani yake hamna 3, haikuingia sawasawa katika kodi ya rupia tatu. Na kwa kuwa rupia ilikuwa pesa 64, namba isiyo na 5, mwenye mtungo mmoja alipoteza kile ambacho mwenye mitungo mitano hakukipoteza.

Kwetu sisi tunaofasiri kati ya Luganda na Kiswahili, kamusi itaendelea kusema kwamba mutwalo ni elfu kumi, na itakuwa sahihi kwa upande wa kiasi. Lakini tafsiri hiyo inamwondoa mpagazi. Anayesoma barua, kesi au masimulizi ya Buganda ya karne ya 19 na kukuta mitwalo mitatu, afikirie kwanza watu watatu walioinama chini ya mzigo, kisha ndipo aandike 30,000.